Je, Wajua? Uwanja ni Mmoja, Haki Siyo Moja

Je, wajua kwamba Kombe la Dunia la 1966 lilichezwa bila timu hata moja ya Afrika? FIFA ilitoa nafasi moja tu, igombewe na Afrika, Asia na Oceania kwa pamoja. Nchi za Afrika, Ghana ikiwa mbele, ziligoma. Tangu 1970 Afrika ikapewa nafasi yake yenyewe.

Je, wajua kwamba mwaka 1974 nafasi hiyo ilikuwa yetu? Timu zilikuwa 16, kati yake 9 za Ulaya. Zaire, jina la Kongo yetu wakati ule, ilikwenda Ujerumani Magharibi ikiwa bingwa wa Afrika. Ndaye Mulamba alikuwa amefunga mabao 9 kwenye Kombe la Afrika mwaka huohuo, na rekodi hiyo haijavunjwa. Vijana walifungwa 2-0 na Uskoti, kisha wakasikia kwamba pesa zao hazipo. Yugoslavia ikawapiga 9-0, na ndani ya mechi hiyo mwamuzi akamtoa Ndaye kwa kosa la mwenzake, Mwepu Ilunga. Walipokutana na Brazil, Mwepu alichomoka kwenye ukuta akaupiga mpira mbali kabla Wabrazil hawajapiga faulo yao. Ulaya ilimcheka miaka na miaka, eti hajui sheria. Beki wa mabingwa wa Afrika asijue sheria? Wachezaji walisimulia baadaye kwamba walikuwa wametishwa wasifungwe mabao zaidi ya 3. Kicheko kile kilikuwa dhuluma.

Je, wajua kwamba Kongo inaizidi Burundi ukubwa mara 80 na zaidi, lakini hatujapata medali yoyote ya Olimpiki? Majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walikwenda kwa mara ya kwanza 1996, Atlanta, na Vénuste Niyongabo akarudi na dhahabu ya mita 5,000.

Je, wajua kwamba kwenye mkutano mkuu wa FIFA, Brazil ina kura moja, na kisiwa cha Montserrat, chenye watu wasiofika 6,000, nacho kina moja?

Je, wajua kwamba AS Maniema Union ya Kindu, mkoani kwetu Maniema, ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024-25, ila mechi zake za nyumbani ilizichezea Kinshasa? CAF, shirikisho la soka la Afrika, inataka uwanja ulioidhinishwa. Masharti ni yaleyale kwa wote, lakini mwenye uwanja wa kisasa anashangiliwa na watu wake, na sisi wa Kasongo tunabaki kusikiliza redio. Hilo linauma.

Je, wajua kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23? Hata klabu ndogo ya Kabambare ina haki hiyo, mradi mtoto aliandikishwa rasmi. Viongozi wa klabu, waandikisheni watoto hao mapema, na leseni zao mzitunze.