Daktari mkazi mkuu: Cheo cha mwaka mmoja kinachobeba dhamana ya wengi

SAA kumi na moja alfajiri simu inalia. Daktari mwanagenzi aliyetarajiwa kuingia zamu saa moja asubuhi anaarifu kwamba mtoto wake amezidiwa na hana wa kumwachia. Wodini wapo wagonjwa wanaomtegemea, na mwenzake aliyekesha usiku kucha haruhusiwi na kanuni kuendelea kubaki kazini.

Anayepokea simu hiyo si mkurugenzi wa hospitali wala si profesa. Ni daktari kijana ambaye aghalabu hajatimiza miaka mitano tangu ahitimu chuo cha udaktari. Hata hivyo, katika muda wa dakika chache hana budi kuamua ni nani atakayeitwa kutoka nyumbani, ni wagonjwa gani watakaogawiwa madaktari wengine, na ni vipi aliyepiga simu atakavyosaidiwa bila ya kuaibishwa mbele ya wenzake.

Huyo ndiye daktari mkazi mkuu. Katika hospitali za mafunzo nchini Marekani, cheo chake kina historia ndefu na heshima kubwa, hasa katika idara za magonjwa ya ndani. Hilo ni tawi la tiba linaloshughulikia maradhi ya watu wazima yasiyohitaji kisu, kama vile ya moyo, mapafu, figo, ini, kisukari na maambukizi.

Kwa kuwa kila mwaka wapo madaktari kutoka Afrika Mashariki wanaovuka bahari kusomea ubingwa huko, ni muhimu kueleweka jinsi cheo hiki kinavyopatikana, kinavyomfaidi mwenye kukishika na kinavyomgharimu.

Chimbuko la jina

Neno "mkazi" si la mapambo. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mjini Baltimore mwaka 1889, tabibu mzaliwa wa Kanada, William Osler, aliongoza idara ya tiba na kuanzisha utaratibu wa madaktari wachanga kuishi ndani ya hospitali. Walilala humo, wakala humo na kuitwa wakati wowote mgonjwa alipobadilika hali.

Utaratibu huo, ulioiga kwa kiasi fulani ule wa vyuo vikuu vya Ujerumani, ulikuwa na umbo la piramidi. Wengi waliingia chini, wachache wakapanda, na mmoja tu akabaki kileleni akiwa msaidizi wa karibu wa profesa. Hapakuwa na muda maalumu wa kukaa kileleni, na wapo waliokaa miaka kadhaa.

Siku hizi madaktari hawaishi tena hospitalini na piramidi ile imevunjwa. Anayeingia katika mafunzo na kutimiza masharti hutarajiwa kumaliza. Lakini jina limebaki, na kile kiti cha juu nacho kimebaki, japo kwa mwaka mmoja tu.

Ngazi za kupanda

Nchini Marekani, mwanafunzi husoma shahada ya kwanza kwa miaka minne, kisha udaktari kwa miaka mingine minne. Baada ya hapo huingia katika mafunzo ya ubingwa kupitia mfumo wa kitaifa wa kuwaoanisha madaktari na hospitali, ambao umekuwepo tangu mwaka 1952.

Mafunzo ya magonjwa ya ndani huchukua miaka mitatu. Mwaka wa kwanza daktari huitwa mwanagenzi. Miaka miwili inayofuata huwa mkazi anayewasimamia wanagenzi, naye akisimamiwa na daktari bingwa.

Hapa ndipo tofauti inapojitokeza. Katika idara za upasuaji, mkazi mkuu ni yule aliye katika mwaka wake wa mwisho wa masomo. Katika magonjwa ya ndani, aghalabu ni mtu aliyekwisha kuhitimu miaka yake mitatu na kukubali kubaki mwaka wa nne kwa hiari. Yuko huru kuondoka akatafute kazi yenye mshahara mnono, lakini anachagua kubaki.

Uteuzi

Cheo hiki hakiombwi kama kazi ya kawaida. Katika hospitali nyingi, uteuzi hufanywa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kazi kuanza, wakati mhusika angali katika mwaka wa pili au mwanzoni mwa mwaka wa tatu. Wakazi wenzake hupendekeza majina, walimu hutoa maoni, na mkurugenzi wa mafunzo ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Wengi hudhani kwamba anayechaguliwa ni yule mwenye alama za juu kabisa. Ujuzi wa tiba ni sharti, lakini hautoshi. Wanaoteua hutazama mambo madogo madogo ambayo hayaandikwi katika vyeti: ni nani hubaki kumsaidia mwanagenzi aliyelemewa, ni nani huzungumza na wauguzi kwa adabu saa tisa usiku, na ni nani hukiri kosa lake kabla ya kuulizwa.

Kwa hivyo, anayekitamani cheo hiki huanza kukitafuta bila ya kukitaja. Hujitolea kufundisha wanafunzi, huingia katika kamati zinazoshughulikia usalama wa wagonjwa, na hujenga jina la mtu anayeaminika.

Ratiba, mimbari na mizani

Kazi ya kwanza ya mkazi mkuu ndiyo isiyopendeza kuliko zote: kupanga zamu. Tuchukulie mfano wa idara yenye wakazi 60, na mwaka uliogawanywa katika vipindi 26 vya majuma mawili mawili. Hizo ni nafasi 1,560 za kujazwa, na kila moja ina mtu mwenye harusi, mtihani, ujauzito au mzazi mgonjwa. Nafasi moja ikikosewa, wodi moja hubaki bila ya daktari.

Kazi ya pili ni kufundisha. Takriban kila siku, wakazi hukutana katika kikao cha asubuhi ambapo mmoja wao husimulia kisa cha mgonjwa, na wengine hujaribu kuufumbua ugonjwa hatua kwa hatua. Mkazi mkuu ndiye mwenye kukiongoza kikao hicho. Hukatiza, huuliza, huandika ubaoni na kumvuta azungumze yule anayeogopa. Katika baadhi ya hospitali, yeye pia hupewa majuma kadhaa ya kusimamia wodi akiwa daktari bingwa kamili.

Kazi ya tatu ni nyeti zaidi. Vipo vikao vya kuchunguza vifo na madhara yaliyowapata wagonjwa, na mara nyingi mkazi mkuu ndiye anayechagua visa na kuviwasilisha. Akimlinda mwenzake kwa kuficha kosa, mgonjwa mwingine atadhurika vivyo hivyo. Akimtaja na kumfedhehesha, hakuna atakayethubutu tena kusema ukweli. Lengo la kikao hicho ni kuutafuta ufa ulio katika utaratibu mzima wa kazi, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi ya nne haina saa maalumu. Mkazi mkuu ni sikio la wenzake. Wanaochoka, wanaogombana na wakubwa, wanaofiwa na wagonjwa waliowazoea, wote huishia mlangoni pake. Humlazimu kutambua ni lini uchovu wa kawaida umegeuka kuwa huzuni ya hatari, na ni lini siri aliyoambiwa haipaswi tena kubaki siri kwa sababu maisha ya mtu yamo hatarini.

Njia mbili zilimshinda fisi, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Wakazi hutaka awe msemaji wao, nao walimu hutaka awe mkono wao. Akiegemea upande mmoja kupita kiasi, huupoteza ule mwingine, na pasipo imani ya pande zote mbili cheo chake hubaki jina tupu.

Saa za kazi

Umuhimu wa ratiba unaweza kupimwa kwa kisa cha Libby Zion, msichana wa umri wa miaka 18 aliyefariki mwaka 1984 saa chache baada ya kulazwa katika hospitali moja jijini New York. Waliomhudumia usiku ule walikuwa madaktari waliokuwa wangali mafunzoni, waliofanya kazi kwa saa nyingi mfululizo huku wakisimamiwa kwa mbali.

Baba yake, aliyekuwa mwandishi wa habari, hakunyamaza. Baraza la mahakama lililochunguza kisa hicho halikuwafungulia madaktari hao mashtaka ya jinai, bali liliukosoa vikali utaratibu wa mafunzo. Mwaka 1989 jimbo la New York likaanza kutekeleza kanuni za kupunguza saa za kazi za madaktari hao.

Mnamo 2003, baraza linaloidhinisha mafunzo ya ubingwa nchini Marekani liliweka kikomo cha saa 80 kwa juma kote nchini, zikihesabiwa kwa wastani wa majuma manne, pamoja na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mwaka 2011 wanagenzi walizuiwa kufanya kazi zaidi ya saa 16 mfululizo, lakini mwaka 2017 kikomo hicho kilirejeshwa kuwa saa 24, kwa hoja kwamba kupokezana wagonjwa mara kwa mara nako huzua makosa.

Mjadala huo haujaisha. Hata hivyo, kila kanuni inapobadilishwa, ni mkazi mkuu anayelazimika kuigeuza kuwa majina na tarehe katika karatasi ya zamu.

Faida na gharama

Mwaka huo humfunza daktari mambo ambayo vitabu havifundishi: kuongoza watu wa rika lake, kusuluhisha, kusimamia bajeti ya muda na kusema mbele ya hadhara. Anayetaka kuwa mwalimu wa chuo kikuu hupata msingi imara. Dkt Anthony Fauci, aliyeongoza taasisi ya Marekani ya utafiti wa maambukizi tangu 1984 hadi 2022 na kushiriki kubuni mpango wa PEPFAR wa mwaka 2003 uliowafikishia dawa za ukimwi mamilioni ya watu, Wakenya wakiwemo, alikuwa mkazi mkuu jijini New York kabla ya kurejea katika utafiti mwaka 1972.

Lakini gharama zipo. Wengi huanza kazi hiyo mwezi Julai huku wakijiandaa kwa mtihani wa bodi ya ubingwa unaofanywa katika miezi hiyo hiyo. Anayekusudia kubobea katika tawi kama moyo au figo huchelewa mwaka mzima. Malipo nayo, japo huzidi kidogo ya mkazi wa kawaida, hayakaribii ya daktari bingwa aliyeajiriwa.

Kwa daktari kutoka Kenya, kuna hesabu nyingine. Wengi huingia Marekani kwa viza ya J-1, ambayo kwa kawaida humruhusu daktari kuwa mafunzoni kwa miaka isiyozidi saba na ambayo huhitaji idhini mpya kila mwaka. Mafunzo yakiisha, sheria humtaka arudi kwao kwa miaka miwili, isipokuwa akipata msamaha, mathalani kwa kuhudumu miaka mitatu katika eneo lenye uhaba wa madaktari. Mwaka wa ukuu huhesabiwa ndani ya ile saba. Asiyepiga hesabu mapema huweza kujikuta muda umemwishia kabla ya ubobezi wake.

Hali ilivyo nchini

Nchini Kenya, daktari anayesomea shahada ya uzamili ya tiba hujulikana zaidi kama registra, na zipo idara ambazo huwa na registra mkuu. Tofauti ni kwamba yeye kwa kawaida huwa angali mwanafunzi, akipanga zamu za wenzake huku akiandika tasnifu yake. Isitoshe, mkazi wa Marekani ni mwajiriwa anayelipwa mshahara, ilhali baadhi ya maregistra nchini hujilipia karo huku wakizihudumia wodi za hospitali kuu.

Ipo mifano ya kukutana kwa mifumo hii miwili. Kwa zaidi ya miongo mitatu, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vimeshirikiana mjini Eldoret. Madaktari walio mafunzoni kutoka Marekani hufanya kazi katika wodi za Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, nao Wakenya hupata nafasi ya kwenda Indianapolis. Kila upande huona jinsi mwenzake anavyofundisha na anavyopanga kazi.

Si lazima Kenya iige kila kitu. Lakini upo mwaka mmoja wa kufikiriwa: mwaka wa daktari aliyekwisha kufuzu, anayelipwa, na ambaye jukumu lake la kwanza ni kuwafundisha na kuwalinda wanaomfuata. Kazi hiyo ikiachiwa mwanafunzi aliyelemewa na tasnifu na karo, anayeumia mwishoni ni mgonjwa.

Cheo ni dhamana, walisema wahenga. Kwa daktari mkazi mkuu, dhamana hiyo hudumu miezi 12 tu. Julai ikifika, humkabidhi mwingine simu na ratiba, naye mrithi huyo huanza kulala usingizi wa mang'amung'amu akisubiri mlio wa saa kumi na moja alfajiri.