Udongo Ungali Maji

Sogeeni huku, wajukuu zangu, moshi usiwaumize macho. Mnaona mikono yangu ilivyojaa matope? Nimeshinda nikifinyanga chungu, hicho hapo. Kibonyezeni kwa kidole. Kimebonyea, siyo? Basi napitisha gunzi la muhindi, shimo limepotea. Kikishakauka na kuchomwa, hata mkija na nyundo mtakipasua tu, hamtakinyoosha. Ndiyo maana wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji.

Mtoto naye ana siku zake za udongo laini. Tuhesabu. Mimba ni kama siku 270. Mwaka wa kwanza siku 365, wa pili siku 365. Jumla 1,000. Katika siku hizo ubongo hukua kwa kasi isiyopatikana tena maishani. Mtoto akikosa chakula bora wakati huo hudumaa: hubaki mfupi kwa umri wake, na darasani huenda akapata taabu kushika masomo. Ukija kumlisha mayai akiwa darasa la tano atashiba, lakini siku zile zimekwenda na hazirudi.

“Sasa bibi, si mama yake ampe tu hayo mayai mapema?”

Haya, twendeni Chamwino, mkoani Dodoma. Nchi ile ni kame, mvua ni ya msimu mmoja, na watu hulima uwele na mtama. Ukifika mwezi wa kwanza au wa pili, ghala limebaki vumbi na shamba linadai palizi. Tuseme yupo mama mwenye mimba ya miezi mitano, na zahanati iko mbali. Kupimwa ni bure, kwani ndio utaratibu wa Serikali kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5. Lakini bodaboda haibebi mtu bure. Tena siku akienda kliniki, hajaenda kibarua cha kupalilia shamba la mtu, na jioni hakuna unga. Mtamlaumu akisema atakwenda mwezi ujao? Huku nyuma udongo unakauka.

Hapo ndipo fedha zinapohitajika. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao wengi tunauita TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mwaka 2010 ukaanza kujaribu kulipa kaya maskini fedha taslimu katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na hiyo hiyo Chamwino. Mwaka 2012 ukazaliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ukaenea Bara na Visiwani.

Nani alichaguliwa? Wanakijiji walikaa mkutanoni wakazitaja kaya zilizo hoi, maana jirani ndiye anayejua jiko la nani halikuwaka jana. Malipo yalitoka kila baada ya miezi 2, na mara nyingi aliyepokea alikuwa mama, kwa kuwa yeye ndiye anayepika na kunyonyesha. Katika awamu ya kwanza ya Mpango huo, kaya ilipewa shilingi 10,000 kwa mwezi. Ikiwa na watoto iliongezewa 4,000, na ikiwa na mtoto wa chini ya miaka 5 anayepelekwa kliniki, 4,000 nyingine. Jumlisheni: 18,000 kwa mwezi, yaani 36,000 kila malipo. Si utajiri. Ni nauli, ni unga, ni mayai, na mama mwenye akili atabakiza ya kununua kuku wa kufuga.

Lakini yalikuwapo masharti. Mjamzito ahudhurie kliniki, mtoto apelekwe kupimwa uzito. Wasipokwenda, ruzuku ilikuwa inapungua. Mimi sharti hilo nalikubali, ila na wenye zahanati nao wana sharti lao: dawa ziwepo na muuguzi awepo. Kumkata mama fedha kwa sababu ya mlango aliokuta umefungwa ni dhuluma.

Mmewahi kuona mtoto akipimwa? Ananing'inizwa kwenye mizani kama furushi, miguu inachezacheza, kilio hadi nje. Nesi anasoma mshale, anachukua kalamu, anaweka nukta kwenye kadi, kisha anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, mama anafunga kanga yake na kuondoka akitabasamu. Ukilala, nesi anaweka kalamu chini na kuuliza: “Nyumbani anakula nini?” Swali hilo likiulizwa mtoto akiwa na miezi minane, bado chungu kinafinyangika.

Sasa nendeni mkalale. Kesho muombeni mama awaonyeshe kadi zenu za kliniki, mzihesabu nukta zake. Kila nukta ni siku ambayo mtu aliacha jembe shambani, akawabeba mgongoni mpaka zahanati.