Mwanasesere wa Taruma: Chombo cha Babu Mikononi mwa Mjukuu

Mashua ikizeeka ziwani hupandishwa ufukweni, ikapasuliwa, na mbao zake zikaishia jikoni. Hivyo ndivyo yalivyokuwa yawe mwisho wa mashua ya baba mkwe wangu, aliyoivulia sangara na omena kwa miaka mingi kutoka ufuko wa Dunga, kusini mwa mji wa Kisumu. Siku walipoanza kung'oa misumari, mzee alisimama kando, mikono nyuma, kimya. Kisha akaokota taruma moja la upande wa omo na kunikabidhi.

"Mwanangu," akasema, "hili wasilipate wenye kuni. Mchongee mjukuu wangu kitu cha kuchezea."

"Nimesikia, baba," nikamjibu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyeolewa Kisumu. Njia niliyoijia ni kongwe: reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani Disemba 1901, nayo ikawaleta Waislamu wengi wa pwani waliokuja kufanya kazi na biashara. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, na utotoni nilimshikia mbao akipiga randa. Kwa hiyo patasi si ngeni kwangu. Binti yangu, mwenye umri wa miaka minne, alikwisha amua anachotaka: mwanasesere.

Kabla ya kugusa msumeno, palikuwa na swali ambalo kila mzazi wa Kiislamu hujiuliza: je, kuchonga mfano wa mtu si kutengeneza sanamu? Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akicheza na wanasesere pamoja na wenzake, na kwamba Mtume (s.a.w.) aliwarudisha wachezaji hao kwake walipojificha kwa haya. Wanazuoni wengi wameichukua hadithi hiyo kuwa ruhusa ya vitu vya kuchezea watoto. Wengine wakachukua tahadhari zaidi. Nyumbani kwetu tulikubaliana njia ambayo haingemtia yeyote wasiwasi: mwanasesere wetu angekuwa na kichwa cha mviringo, bila macho wala mdomo.

Tuje kwenye mti wenyewe. Taruma letu lilikuwa la mvule, mti unaopendwa na waunda mashua kwa sababu hauozi upesi majini wala mchwa hauuwezi kwa urahisi. Mchongaji mgeni aujue tabia zake. Nyuzi zake hupishana, hivyo patasi inayokwenda vizuri upande huu hung'oa vibanzi upande ule. Chukua kidogo kidogo. Ndani yake huweza kujificha vijiwe vya chokaa vinavyovunja makali ya chuma. Tena vumbi lake huwasha ngozi na kuchokoza kifua: fanya kazi nje, vaa barakoa, na mtoto akae mbali.

Kutumia mti uliokwisha kutumika kuna hekima nyingine. Wachongaji wa Kikamba wa Changamwe, Mombasa, walitegemea muhugu na mpingo hadi miti hiyo ikawa adimu, na baadhi yao wakageukia mwarobaini. Taruma la mashua iliyochoka halimwangushi mti hata mmoja.

Hata hivyo, si kila ubao wa zamani unafaa mkononi mwa mtoto. Mataruma hukaa ndani ya chombo, na letu halikuwahi kupakwa rangi. La omo pia huwa mbali na mashine na mafuta yake. Mbao za nje hupakwa rangi mwaka baada ya mwaka, na rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Ubao wa namna hiyo usiupige msasa wala usiuchome moto, maana vumbi na moshi wake ndiyo sumu yenyewe. Uache. Mataruma ya reli yaliyolowekwa dawa nyeusi ya kuzuia kuoza nayo yaache.

Kazi ilinichukua jioni sita. Nilitafuta kila kipande cha msumari kwa sumaku na kwa kidole, nikakata pande la urefu wa shubiri moja, nikachora umbo kwa penseli pande mbili, kisha nikapunguza kwa msumeno, patasi, kisu na tupa. Mikono niliiacha ishikamane na kiwiliwili. Kiungo cha kupachikwa hung'oka, na kipande kidogo kikimkwama mtoto kooni ni msiba. Mwisho nikapiga msasa hadi shavu langu lilipoteleza juu yake bila kukwaruzwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa haraka ya kumfurahisha mtoto, nilimpaka mwanasesere rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka lango, kutoka katika kopo lililokwisha poteza karatasi yake. Asubuhi nilimkuta binti yangu amemtia kichwa chake kinywani. Nilimnyang'anya, akalia, nami nikatetemeka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama; madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na madhara yake huenda yasiondoke. Sikujua kopo lile lilikuwa na nini, na huko kutojua kulitosha. Mwanasesere yule nilimtupa.

Taruma lilikuwa limebakiza pande la kutosha mmoja tu. Nilianza upya, na safari hii rangi ilitoka jikoni na chumbani. Manjano yaliyokorogwa kwa maji ya moto yalimpa ngozi yenye nuru, ingawa hufifia yakipigwa na jua. Hina ilimpa nywele, na kwa kijiti nikamchorea maua viganjani kama bibi harusi. Iwe hina ya majani pekee. Piko nyeusi inayochanganywa na dawa ya nywele huunguza hata ngozi ya mtu mzima. Alipokauka, nilimsugua kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa juu ya maji ya moto, nikamvisha kipande cha leso yangu kuukuu.

Baba mkwe alipomwona, alimgeuza huku na huku, akapitisha kidole gumba mgongoni, mahali nilipoliacha tundu la msumari alioupigilia yeye mwenyewe. Alimuuliza mjukuu wake jina la mwanasesere.

"Lolwe," akajibu mtoto, kwa jina ambalo Wajaluo huliita ziwa.

Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mashua ipasuliwe.