Nguvu za Mwuguzi Katika Chumba cha Kupasulia

Mgonjwa akipona baada ya kupasuliwa, jina linalotajwa nyumbani ni la daktari. Hiyo ni haki yake. Lakini kando ya daktari husimama mwuguzi, na ni watu wachache wanaojua ya kuwa kazi ya mwuguzi huyo hutaka nguvu za mwili sawasawa na elimu ya kichwa.

Mwezi wa Novemba, 2016, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta mjini Nairobi, watoto pacha waliozaliwa wameungana sehemu ya chini ya mgongo walitenganishwa. Kazi hiyo ilichukua saa 23. Upasuaji wa siku zote si mrefu kiasi hicho, lakini kusimama saa nne au tano si jambo la ajabu kwa wauguzi.

Katika chumba hicho mwuguzi mmoja hunawa, huvaa vazi lisilo na vijidudu, kisha humpa daktari vyombo mkononi. Mikono yake haina ruhusa kushuka chini ya kiuno, wala kugusa kitu kisichosafishwa. Mwenzake huzunguka akileta vitu vinavyotakiwa. Wote wawili huhesabu sindano na vitambaa vya kufyonzea damu kabla ya kazi kuanza, na tena kabla jeraha halijafungwa. Kitambaa kimoja kikisahauliwa tumboni, mgonjwa aweza kupata usaha, hata kufa. Basi mwuguzi aliyechoka ni hatari, kwa kuwa mwili ukilegea, akili nayo hukosea hesabu.

Huenda mkulima akauliza, kusimama tu kuna uzito gani? Mtu anayelima husogea, na misuli ya miguu yake husukuma damu irudi juu moyoni. Asimamaye mahali pamoja hukosa msaada huo; damu hukaa miguuni, miguu huvimba, na pengine kizunguzungu humshika. Tena, mifupa inapoungwa kwa msaada wa eksirei, mwuguzi huvaa juu ya nguo zake vazi la risasi lenye uzito wa kilo kadha.

Zaidi ya hayo kuna kuinua. Mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hajisaidii hata kidogo. Mguu mmoja wa mtu mwenye kilo 70 hukaribia kilo 11. Wataalamu wa Marekani wameshauri ya kuwa mwuguzi asiinue kwa mikono yake mwenyewe uzito wa mgonjwa unaozidi kilo 16 hivi. Wauguzi wengi wameumia migongo kwa kupita kiasi hicho, na wengine wameiacha kazi waliyoipenda.

Dawa yake si kuwa na mwili mkubwa, bali mwili uliozoezwa. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima watembee kwa haraka, au wafanye zoezi la namna hiyo, dakika 150 au zaidi kila juma, na kuzoeza misuli siku mbili. Dakika 30 kwa siku tano zatosha. Haba na haba hujaza kibaba. Mwuguzi na ale kabla ya zamu, anywe maji, avae viatu visivyo na kisigino kirefu, na ainue kwa kukunja magoti, si kwa kuinama.

Hata hivyo mzigo huu si wake peke yake. Wakuu wa hospitali hawana budi kutoa mbao za kumtelezesha mgonjwa kutoka kitanda hata kitanda, watu wa kutosha, na zamu zenye kupumzika.

Na jamaa za nyumbani wana sehemu yao. Mwuguzi atokaye zamu ya usiku asipokewe kwa mtungi wa maji na jembe. Na aachwe alale, kwa maana jioni kuna mtu mwingine atakayelala juu ya meza ile, akiutegemea uangalifu wake.