Fundi Juu ya Paa

Wahenga walisema: Mpanda ngazi hushuka. Ni kweli. Lakini kuna njia mbili za kushuka. Mtu aweza kushuka kwa miguu yake, kidato kwa kidato. Tena aweza kushuka kwa kuanguka. Katika somo hili tutaona namna fundi wa paa anavyoweza kushuka kwa miguu yake kila jioni, na kurudi kwa watoto wake akiwa mzima.

1. Urefu wa paa

Angalieni nyumba za Kibombo, mji wetu ulio kwenye njia ya reli, kusini ya Kindu. Nyingine zimeezekwa kwa majani, nyingine kwa mabati. Mvua ya Maniema ni nyingi. Majani huoza, na mabati huliwa na kutu. Kwa hiyo wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa sita hadi mwezi wa nane, twaona watu juu ya mapaa. Wanaezeka upya au wanaziba matundu kabla mvua hazijarudi.

Tuseme nyumba moja ina ukingo wa paa wenye meta 3 kutoka chini, na kilele chenye meta 5. Watu husema: “Meta 3 ni nini? Hata mwembe ni mrefu kuliko hapo!” Basi sikilizeni hesabu hii. Mtu akianguka kutoka meta 3, hupiga ardhi kwa mwendo wa kilometa 28 hivi kwa saa. Akianguka kutoka meta 5, ni kilometa 36 hivi kwa saa. Je, ungependa kugonga ukuta kwa baiskeli iendayo mbio namna hiyo?

Na safari yenyewe ni fupi. Kutoka meta 5 mtu hufika chini kwa sekunde 1 tu. Kabla hajamaliza kuita “Mama!” amekwisha fika. Hana nafasi ya kufikiri, wala ya kushika kitu. Kwa sababu hiyo mtu hajilindi wakati wa kuanguka. Hujilinda kabla ya kupanda.

2. Ngazi

Fundi mwenye akili huanza kwa kuitazama ngazi yake. Je, miti yake miwili haina ufa? Je, vidato vyote ni vigumu? Kidato kilichooza hakifungwi kwa kitambaa; hutolewa, na kingine kizima hutiwa mahali pake.

Kisha huitazama ardhi. Miguu ya ngazi yataka ardhi ngumu na sawa. Ikiwekwa juu ya matope, mguu mmoja utazama na ngazi italala upande. Ikiwekwa juu ya matofali yaliyopangwa tu, matofali yatatoroka.

Sasa ngazi isimamishwe namna gani? Ikisimama wima mno, itamwangusha mtu kwa nyuma. Ikilala mno, miguu yake itateleza, au miti itavunjika katikati. Kanuni ni hii: kwa kila meta 4 za kwenda juu, miguu ya ngazi iwe mbali na ukuta meta 1. Kama ukingo wa paa uko meta 3 juu, miguu iwe sentimeta 75 kutoka ukutani.

Iko njia nyingine ya kupima, isiyotaka meta. Simama wima, vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi. Nyosha mikono mbele yako, sawa na mabega. Viganja vikifika kwenye kidato, ngazi imesimama vizuri.

Tena ngazi ipite ukingo wa paa kwa meta 1, ili fundi apate kitu cha kushika anapotoka ngazini na kuingia paani. Kichwa chake kifungwe kwa kamba. Mpaka kimefungwa, mtu mwingine aishike ngazi kwa chini.

Wakati wa kupanda, uso uelekee ngazi. Viungo vitatu vishike daima: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Basi nyundo na misumari itachukuliwaje? Itiwe katika mfuko na kuvutwa juu kwa kamba baadaye. Mwenye kubeba bati mkononi huku akipanda amebaki na mkono mmoja tu, na upepo ukilipiga bati lile, litamvuta pamoja nalo.

3. Mpanda mchikichi atufundisha

Mmemwona mtu akata vichane vya ngazi juu ya mchikichi. Hapandi hivi hivi. Ana ukanda wa kamba ngumu, unaozunguka mti na mwili wake. Hujiegemeza juu ya ukanda huo, na mikono yake hupata kufanya kazi. Kabla ya kupanda huukagua na kuuvuta kwa nguvu, maana ukanda mkuukuu umekwisha ua watu.

Hakuna anayemcheka mpanda mchikichi kwa sababu amejifunga. Mbona basi fundi wa paa akijifunga watu humwita mwoga? Mti ni juu, na paa ni juu. Ardhi inayowangoja wote wawili ni moja.

Mkanda wa fundi wa paa hupita mabegani na mapajani. Kamba iliyofungwa kiunoni peke yake yaweza kumdhuru mtu, kwa sababu akianguka itambana tumbo na kumzuia pumzi. Kamba ya mkanda hupitishwa juu ya kilele cha paa, na kufungwa upande wa pili kwenye mti mkubwa au nguzo imara. Isifungwe kwenye ngazi, wala kwenye msumari. Tena isiwe ndefu mno. Kamba inayomwachia fundi kufika chini haina faida.

4. Juu ya paa

Asubuhi umande hulowesha mabati, nayo huteleza kama samaki. Fundi angoje jua likaushe. Mvua ikitisha, au upepo ukivuma, ashuke mara moja.

Akitembea, akanyage mahali penye misumari, kwa kuwa chini ya misumari iko mbao. Bati lililoliwa na kutu laweza kupasuka, na mtu akaanguka ndani ya nyumba. Mahali penye mteremko mkali atumie ubao mrefu uliopigiliwa vijiti kama vidato, wenye kulabu ya kushika kilele cha paa.

Watu waliyajua mambo haya tangu zamani. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, Waisraeli waliamriwa wajenge ukuta mdogo kuzunguka dari ya nyumba mpya, mtu asije akaanguka. Katika Marekani, daraja la Golden Gate la San Francisco lilipojengwa, wavu mkubwa ulitandazwa chini ya mafundi. Watu 19 walianguka ndani yake wakapona. Daraja lilifunguliwa mwaka 1937. Na mwaka 1988 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitunga mkataba juu ya usalama wa wajenzi, na kazi ya paa imetajwa ndani yake.

Mwenye nyumba asiseme: “Kamba zako zanichelewesha.” Paa laweza kungoja kesho. Mguu uliovunjika hungoja miezi, na siku zote hizo nani atawalisha watoto wa fundi?

5. Kazi ya watoto

Ninyi watoto, msisimame chini ya paa linalojengwa. Nyundo ikianguka haiulizi ni nani yuko chini. Msicheze na ngazi, wala msiiondoe wakati fundi yuko juu. Fundi asipokuwapo, msipande kuangalia kazi yake.

Mtu akianguka, msimwinue upesi, wala msimkalishe. Labda shingo au mgongo umevunjika, na kumgeuza kwaweza kumlemaza maisha yake yote. Mmoja akimbie kuita wakubwa na muuguzi. Mwingine abaki naye, amwambie atulie, asigeuze kichwa. Ikiwa hapana budi kumpeleka hospitali, wakubwa wengi wamwinue pamoja, kichwa na mgongo vikiwa sawa, na kumlaza juu ya ubao au mlango.

Maulizo

1. Kwa nini mtu hujilinda kabla ya kupanda, wala si wakati wa kuanguka?
2. Ukingo wa paa uko meta 4 juu. Miguu ya ngazi iwe mbali gani na ukuta?
3. Viungo vitatu vya kushika ngazi ni vipi?
4. Mpanda mchikichi hufanya nini kabla ya kutumia ukanda wake?
5. Kwa nini kamba ya fundi isiwe ndefu mno?
6. Mwenzako ameanguka kutoka mwembeni. Utafanya nini? Usifanye nini?