Ua Lililotoka Bustanini

Apandaye maua hutazama kwanza rangi yake na harufu yake. Ni mara chache aulizapo, Mche huu husafirije? Na kila mche una safari yake: mbegu nyingine huchukuliwa na upepo, nyingine na ndege, nyingine na maji.

Huko Uingereza kiko kichaka kiitwacho rododendroni, chenye majani mazito yasiyopukutika na maua ya zambarau. Mwaka 1763 kililetwa kutoka kusini mwa Ulaya, matajiri wakakipanda katika bustani zao. Kikapenda mno udongo mchachu na mvua za huko. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, upepo ukazipeperusha hata misituni, na chini ya kivuli chake miti michanga haioti. Majani yake ni sumu, basi wanyama hawayali. Sasa watu hukikata na kung'oa mashina yake kwa gharama kubwa.

Sisi tukaao Mwanza hatuna rododendroni, kwa maana joto letu halikifai kichaka hicho. Lakini tunalo ua jingine lenye habari iyo hiyo, nalo ni gugu maji. Mtu asiyelijua akiliona huko Capri Point asubuhi atalisifu, nami simlaumu: ua lake ni la urujuani hafifu, na petali yake ya juu ina doa la manjano kama jicho. Shina la jani limevimba, ndani mna hewa kama sifongo, ndiyo sababu laelea.

Kwao ni mto Amazon, Amerika ya Kusini. Watu walilichukua nchi nyingi ili kupamba vidimbwi vya bustani. Yasemwa kwamba lilifika Rwanda kwa njia hiyo, zamani za utawala wa Wabelgiji. Kisha mto Kagera ukalichukua mpaka ziwani. Mwaka 1989 lilionekana katika maji ya Uganda, na mwaka uliofuata katika maji yetu.

Mche mmoja hutoa vitawi pembeni, na kila kitawi huwa mche kamili. Palipo na maji ya joto yenye uchafu wa mji, ambao kwa gugu hili ni mbolea, wingi wake waweza kuwa maradufu kwa majuma mawili tu. Ghuba zikafunikwa kama mikeka. Mitumbwi ikakwama, nyavu zikapotea chini yake, na maji yakakosa hewa hata samaki wengi wakakimbia. Kambale na kamongo ndio walioweza kuvumilia. Konokono waletao kichocho nao wakapata maficho. Mvuvi ashindwaye kutoka pwani siku tatu, watoto wake hula nini?

Watu waling'oa kwa mikono na kwa mitambo, lakini gugu liliwashinda mbio. Ndipo wataalamu wakaleta fukusi wawili watokao kwao gugu lenyewe, baada ya kuwajaribu sana ili wajue kwamba hawatageukia mazao. Fukusi mzima hutafuna jani. Mtoto wake hutoboa shina, maji huingia, na mche huzama. Uganda waliwafungulia ziwani mwaka 1995. Baada ya mwaka 1998 mikeka ile ilipungua sana, tena mawimbi na mvua kubwa za miaka ile zilisaidia kuivunja.

Basi, atakaye kidimbwi uani na apande yungiyungi, ambaye ni wa huku kwetu na mizizi yake hushika matope. Magugu yaliyong'olewa yatandazwe juu ya mwamba mbali na maji mpaka yakauke kabisa, wala yasitupwe katika mto Mirongo, kwa kuwa maji yake huishia ziwani. Gugu maji halijakwisha. Mbegu zake hulala matopeni miaka mingi zikiwa hai, na maji yakipungua ufukweni, jua likafika matopeni, huota tena.