Nyumba za Bara Katika Kiwanja Kimoja

Kijiji cha Makumbusho ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Kipo Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, takriban kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, na mtaa unaokizunguka, pamoja na stendi yake ya daladala, umechukua jina lake. Kinachooneshwa hapa ni nyumba zenyewe, zimesimama uwanjani kwa miti, udongo na nyasi, kila moja kwa mtindo wa kabila lake.

Miongoni mwa makumbusho ya mwanzo ya namna hii ni yale ya Uswidi ya mwaka 1891, Artur Hazelius alipofungua Skansen mjini Stockholm. Kule nyumba kongwe za mbao zilibomolewa vijijini, zikasafirishwa na kuunganishwa tena. Ukuta wa fito uliokandikwa udongo hauhamishiki hivyo. Kwa hiyo Kijiji kilipoanzishwa mwaka 1966, nyumba zilijengwa upya kwa kufuata ufundi wa asili. Wakati ulikuwa mwafaka: muongo uliofuata mamilioni ya watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, na huku bati na matofali vikizidi kuenea.

Anayetaka kuelewa nyumba hizi aanze na paa. Tembe ya Wagogo ina paa bapa: boriti zimelazwa juu ya nguzo, zikafunikwa fito, kisha udongo mzito. Ni nyumba fupi na ndefu, yenye kuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Paa kama hilo linafaa Dodoma, penye upepo mwingi na mvua isiyozidi sana milimita 550 kwa mwaka. Juu yake hata nafaka huanikwa. Wahehe nao wana tembe yao.

Msonge wa Wahaya ni kinyume kabisa. Bukoba mvua ni nyingi, na nyasi za paa hushuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, kiasi kwamba paa ndilo ukuta. Maji huteleza bila kupata pa kutuama. Ndani, matete hugawa sehemu ya moto, ya kulala na ya mifugo. Wachaga nao walijenga msonge na kulala na ng'ombe wao humo, maana mashamba ya migomba mlimani hayakuacha nafasi ya malisho. Fedha za kahawa ndizo zilizoleta bati mapema Kagera na Kilimanjaro, na misonge ikatoweka kwa wenye uwezo kabla ya wengine.

Wanyakyusa walitumia mianzi, inayostawi vizuri Rungwe. Kwa Wamaasai, mjenzi ni mwanamke: husuka vijiti na kuvipaka udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Nyumba ya Wazaramo, ya mstatili na yenye paa la mteremko, ndiyo isiyomshangaza mkazi wa Dar es Salaam, kwani mji wenyewe ulikua juu ya mtindo huo.

Ugumu mkubwa ni kuzitunza. Tembe ya Dodoma inanyeshewa hapa mvua karibu maradufu ya ile iliyokusudiwa, na mchwa hawachagui mti wa kabila gani. Zaidi ya hayo, nyumba hizi hazikaliwi. Kwenye makazi halisi moto wa kila siku hukausha nyasi na moshi wake hufukuza wadudu. Nyumba isiyo na jiko huoza haraka kuliko ile iliyojaa masizi. Ndiyo maana nyumba huezekwa na kukandikwa tena kila baada ya muda. Mti unaoguswa leo huenda si wa mwaka 1966, na hilo si udanganyifu: hata kijijini hakuna aliyetarajia msonge udumu kama msikiti wa mawe. Kinachohifadhiwa ni ujuzi, nao unamhitaji fundi anayeujua.

Mgeni huruhusiwa kuingia ndani, na ni vyema akae kidogo hadi macho yazoee giza, la sivyo hataona chochote ila nguzo. Wapo waongozaji wa kueleza matumizi ya kila sehemu, mafundi wanaochonga na kuuza kazi zao, na vikundi vya ngoma. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni kutoka nje.